Viwanja vya kando ya maji Dodoma: shida si hati feki

Tangu treni ya SGR ianze kushusha abiria Dodoma katikati ya mwaka 2024, matangazo ya viwanja mkoani hapa yamebadilika lugha. Dalali ambaye jana alisifia nguzo za umeme na ukaribu wa Mji wa Serikali Mtumba, leo anaanza na maji: kiwanja kinatazama Bwawa la Hombolo, shamba limeshuka mpaka Mtera, eka mbili Singida zinapakana na ziwa. Mjadala unaozuka kila mara unaishia palepale. Jihadharini na matapeli, msilipe kabla ya kuona hati, mwiteni mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Sina ugomvi na ushauri huo, umewaokoa wengi. Lakini kwa kiwanja cha kando ya maji katikati ya nchi hii, hatari kubwa haiko kwenye karatasi. Iko kwenye maji yenyewe. Ukingo wa maji huku kwetu unahama, tena mbali, na hati halali kabisa inaweza kukupa kipande ambacho miaka mitatu mfululizo ni vumbi na mwaka wa nne ni kina cha kiuno. Mnunuzi makini anapaswa kuanza na kimo cha maji, ndipo aende kwenye hati.

Wengi wanaonunua wamekulia au wamefanya kazi Dar es Salaam, Mwanza au Bukoba, na wanakuja na picha ya kule vichwani. Bahari hupanda na kushuka kila siku kwa mpangilio unaojulikana. Ziwa Victoria lina mito mingi ya kulilisha na mvua karibu mwaka mzima. Hata hivyo mwaka 2020 lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba na mialo ya watu waliodhani wamejenga salama. Dodoma ni nchi nyingine. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Jua na upepo vina uwezo wa kunyonya zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho kutoka kwenye maji yaliyotuama. Kwa hiyo maji yoyote unayoyaona yamesimama mkoani hapa yapo kwa sababu mtu aliyazuia kwa ukuta, au kwa sababu yameingia kwenye bonde lisilo na njia ya kutokea. Hali zote mbili zina tabia moja: mwaka mzuri yanatanuka, mwaka mbaya yanakimbia.

Chukua Mtera, maana ndiko ndoto kubwa ziliko. Anayepita barabara ya Dodoma kwenda Iringa huvuka kwenye ukuta wa bwawa lile, akaona maji mpaka upeo wa macho, akajisemea kwamba hii ni bahari ya wana Dodoma. Mtera lilijengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi mahususi: kuhifadhi maji ya masika ili kituo cha umeme cha Kidatu, chenye megawati 204, kisikose maji kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilisimikwa baadaye, mwaka 1988. Maana yake ni kwamba lile ni bwawa la akiba. Lilijengwa ili lijae na lipungue, na kupungua kwake si hitilafu, ndiyo kazi yake. Kimo chake cha juu cha kawaida ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Watanzania waliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2006 wanaikumbuka hiyo 690, kwa sababu ilitajwa kwenye taarifa za habari kila jioni. Mwaka 2015 maji yalishuka tena kiasi kwamba mitambo ya umeme wa maji nchini ilizimwa. Miaka mitano baadaye mvua zikalijaza.

Sasa piga hesabu ndogo. Tofauti kati ya vimo hivyo viwili ni mita 8.5. Ukiisoma ofisini utadhani ni urefu wa ghorofa mbili na nusu, jambo dogo. Lakini pale ambapo ardhi inashuka mita moja tu kwa kila mita 200 za kutembea, mita 8.5 za wima ni kilomita 1.7 za mlalo. Maji yanaweza kuondoka mlangoni kwako yakaenda umbali wa nusu saa kwa miguu, yakakuachia tope lililopasukapasuka na mifugo ya watu wengine inayokuja kulisha kwenye nyasi mpya. Na yanaporudi hayaombi ruhusa. Uamuzi wa lini yafunguliwe na lini yazuiwe uko kwa TANESCO na wasimamizi wa Bonde la Rufiji, na unafuata mahitaji ya gridi na mvua za Mbeya na Iringa ambako Ruaha inaanzia. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limeanza kuzalisha tangu mwaka 2024, na kwa vyovyote uzito wa Mtera katika gridi hautabaki ule wa zamani. Hakuna sahihi ya muuzaji wa kiwanja itakayokupa kauli katika hayo.

Wanaolijua hili kuliko sisi wote ni wavuvi. Ukitembelea kambi zao upande wa Migori utaona vibanda vya miti, matete na turubai, vyungu viko nje, chanja za kukaushia perege zimeinuliwa kwa vigogo vyepesi. Wageni wanadhani ni umaskini tu. Lakini tazama jinsi kibanda kinavyobomolewa asubuhi na kusimama tena kabla ya jua kuzama, mita mia kadhaa mbele, karibu na maji. Watu hao wana miongo zaidi ya minne ya kuishi na bwawa lile, na hawajaweka msingi wa zege kwenye ukingo wake. Mimi ningewaamini wao kuliko mchoro wowote wenye rangi ya bluu.

Hombolo ni dogo na tabia yake ni tofauti kidogo. Ukuta ulijengwa mwaka 1957, kwenye maji ya Kinyasungwe, na kwa zaidi ya miaka 60 kila mafuriko yameleta mchanga na udongo kutoka mashamba ya juu. Bwawa likijaa udongo, watu hudhani maji yatapanda kila upande. Hapana. Karibu na ukuta kimo cha juu kinaamuliwa na mahali maji ya ziada yanapotokea, na hapo hapajabadilika. Kinachobadilika ni mambo mawili. Kwanza, kina kinapungua, hivyo bwawa linakauka upesi zaidi kiangazi na ule ukingo mzuri wa Mei unakuwa uwanja wa vumbi Oktoba. Pili, kule juu mto unakoingilia, udongo uliotuama unauziba mkondo, mto unatafuta njia mpya, na maji yanasambaa kwenye ardhi ambayo wazee walilima miaka yote bila shida. Kwa hiyo mtu anayekuambia "sisi hapa tangu tuzaliwe maji hayajawahi kufika" anaweza kuwa anasema kweli tupu na bado akakuuzia hasara. Swali la kuuliza Hombolo si umbali kutoka kwenye maji tu, ni uko upande gani wa bwawa.

Bahi sitakaa sana. Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa na kumwagika kwenye mbuga isiyo na mlango wa maana wa kutokea, na watu wa Bahi wamejenga maisha yao juu ya ukweli huo kwa kulima mpunga kwenye majaruba. Anayenunua huko ili alime anajua anachofanya. Anayenunua ili ajenge nyumba ya wikiendi anahitaji kuongea na mzee mmoja aliyeona masika mazito. Singida ni habari ya chumvi: Singidani na Kindai ni maziwa ya magadi, heroe wanayapenda, lakini kisima utakachochimba pembeni kinaweza kukupa maji yasiyonyweka, na chumvi inakula nondo na matofali taratibu. Watu wa mjini kule wanapaka rangi ukuta kila mara na hawakwambii sababu.

Kuna pia wanaoulizia Farkwa, wilayani Chemba, ambako bwawa kubwa la kuipatia Dodoma maji limezungumzwa kwa miaka mingi na wananchi wa Mombose na Bubutole wakatakiwa kupisha. Hoja yao ni kwamba ardhi inunuliwe mapema, maji yakifika bei iruke. Wanasahau kwamba bwawa la maji ya kunywa ndilo bwawa la mwisho utakaloruhusiwa kusogelea. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu eneo zima la chanzo cha maji kutengwa na kulindwa, si ukingo tu. Visima vya Mzakwe, vilivyoinywesha Dodoma miaka yote, viko kwenye bonde lililowekewa mipaka kwa sababu hiyo hiyo. Isitoshe, Bubu inapita kwenye ardhi ya Kondoa, ile ambayo mmomonyoko wake ulilazimisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma kuanzishwa mwaka 1973 na mifugo kuondolewa mwaka 1979. Udongo ule haujaisha.

Hapo ndipo tunafika kwenye sheria, na kwenye kutoelewana kukubwa zaidi. Karibu kila mtu ameshasikia kuhusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za ufukwe wa bahari au ziwa, kingo za mto, na bwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inauweka ukanda wa mita 60 za kingo za mito na mwambao wa maziwa miongoni mwa ardhi hatarishi. Lakini kutoka wapi? Nimewahi kumwona dalali Hombolo, mwezi Septemba, akisimama kwenye tope lililo jirani na maji, akageuka, akahesabu hatua sitini kwa sauti mbele ya mteja, akachora mstari kwa kisigino. "Kuanzia hapa ni kwako, ndugu yangu." Mteja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kila kitu katika tendo lile kilikuwa na sura ya kufuata sheria, ila Septemba bwawa limeshuka, na mita 60 zinazohesabiwa kutoka kwenye maji ya Septemba zinaweza kuwa ndani ya maji ya Machi. Mstari wenye maana ni ule wa maji yanapofika juu kabisa, na mstari huo hauonekani kiangazi bila mtu kuutafuta.

Wanaotetea ununuzi huu wana hoja, na si zote za kupuuzwa. Iliyo nzito ni kwamba Dodoma ni jiji tangu Aprili 2018, watu wanaongezeka, na jiji lisilo na mahali pa kupumzikia Jumapili litajitafutia. Hombolo na Mtera zikiachwa bila uwekezaji zitabaki za wavuvi haramu, wakata mkaa na ng'ombe wanaokanyaga kingo mpaka zinaporomoka. Mwenye mali huwa na sababu ya kutunza. Nakubaliana nao zaidi ya wanavyodhani. Ila uwekezaji wanaouelezea hauhitaji mtu kuuziwa ukingo. Mgahawa, kambi ya mahema, gati la mbao, bustani, vyote vinaweza kukaa kwa mkataba wa kupanga na kibali chenye masharti, jengo la kudumu likarudi nyuma mahali pa juu. Anayefaidika na kiwanja kinachogusa maji ni muuzaji, kwa sababu tofauti ya bei anaichukua siku ile ile.

Hoja ya pili ni ya bei: ardhi ya Dodoma inapanda, hivyo hata usipojenga utauza. Imekuwa kweli kwa maeneo mengi tangu serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Lakini bei ya kiwanja cha kando ya maji inamtegemea mnunuzi wa pili ambaye hajui zaidi yako. Masika moja zito, picha zikasambaa kwenye simu, na soko lote la mwambao ule linalala. Waulize wakazi wa Nkuhungu, hapa hapa jijini Dodoma, ambao hawakununua kiwanja cha ufukweni wala hawakuahidiwa, lakini miaka ya mvua nyingi maji yametuama mpaka madirishani. Nyumba inayojulikana kwa mafuriko inauzwaje?

Dhaifu kuliko zote ni hoja inayotamkwa kwa kujiamini zaidi: sheria ya mita 60 ipo kwenye makaratasi, nani amewahi kuondolewa? Wengi sana. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wa Jangwani, Dar es Salaam, walihamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zikapigwa alama nyekundu za X na kubomolewa, nyingine zikiwa na mita za umeme na maji zilizofungwa na taasisi za umma na risiti za kodi ya majengo. Ni kweli kwamba miaka ya karibuni mradi wa kuliendeleza bonde lile umelipa fidia kwa watu waliokuwa bado wapo, na wapo wanaouchukua mfano huo kama faraja. Mimi nauona kinyume. Kusubiri zaidi ya miaka kumi ndani ya maji ili ulipwe kwa kuondoka ni biashara gani? Na kutotekelezwa kwa sheria leo ni jambo baya kwa mnunuzi kuliko kutekelezwa, kwa sababu anayeachwa ajenge ndiye anayepoteza nyumba. Anayezuiwa mapema anapoteza ada ya mchoro tu.

Basi kama bado unataka kununua, nenda mara mbili: Aprili mvua zinapoishia, na Oktoba. Aprili tazama matawi ya migunga na nguzo za uzio. Maji huacha mabua, nyasi na takataka zilizonasa, na huo ndio mstari wako. Oktoba chimba shimo la kina cha goti. Ukikuta magamba madogo meupe ya konokono wa majini kwenye udongo, ziwa limewahi kulala hapo. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono, jua kwamba hata maji yasipofika, msingi wako utapanda na kushuka kila msimu na kuta zitachanika. Kisha muulize mama anayeuza samaki, si mwenyeji wa dalali, maji ya mwaka wa mvua nyingi yalifikia mti gani.

Ofisi za kwenda si zile watu wanazozijua. Mkoa wa Dodoma umegawanyika katika mabonde matatu ya maji, na kila bonde lina bodi yake: Hombolo iko chini ya Wami/Ruvu, Mtera chini ya Rufiji, Bahi na Farkwa chini ya Bonde la Kati lenye makao Singida, ambalo pia ndilo la Singidani na Kindai. Bodi hizo ndizo zenye kumbukumbu za vimo na ndizo zinazotoa kibali cha kutumia maji. Hilo la kibali linawashangaza wengi. Maji yote nchini ni mali ya umma, na kupakana nayo hakukupi haki ya kutupa bomba la pampu na kumwagilia eka za zabibu. Wakulima wa zabibu waliojaribu bila kibali wanajua mazungumzo hayo yanavyoanza.

Karatasi nazo zina zamu yake, ila fupi. Upekuzi ofisi ya ardhi, ramani ya upimaji mkononi, bikoni, yaani alama za mipaka, zikaguliwe na mpimaji wako mwenyewe. Kama ni ardhi ya kijiji, karatasi ya mtendaji peke yake haitoshi. Halmashauri ya kijiji lazima ihusike, na ile asilimia kumi anayodaiwa mnunuzi kwa ajili ya "ofisi" haikununulii uhalali wowote. Kabla ya kulipa, chora mstari wa mita 60 kutoka kwenye maji ya juu juu ya ramani ile ya upimaji na uone kinachobaki cha kujenga. Nimeona viwanja ambavyo kinachobaki ni kona ya choo.

Yote haya yana maana moja kubwa kwa bei. Sehemu ya kiwanja iliyo chini ya mstari huo si yako kwa matumizi yoyote ya maana, hivyo usiilipie kama kiwanja. Ilipie kama malisho, au usiilipie kabisa. Sehemu iliyo juu ilipie bei ya kiwanja cha kawaida cha eneo lile kisicho na maji, kwa kuwa miaka mingi hutakuwa nayo. Muuzaji akikataa hesabu hiyo, amekujibu. Na halmashauri zinazojiandaa kupima mitaa mipya kandokando ya mabwawa zina njia rahisi ya kupunguza kesi za kesho: kabla mpimaji hajasimika bikoni ya kwanza, bodi ya bonde ije ipige nguzo za zege kwenye kimo cha juu, zipakwe rangi, namba yake iandikwe kwenye mchoro wa mipango miji, na kiwanja chochote kinachovuka nguzo hizo kisipewe namba. Gharama yake ni saruji na siku chache za kazi. Mpaka zisimikwe, dalali ataendelea kuhesabu hatua zake Septemba.